Mlango Walioutengeneza Watoto

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mapenzi yangu yote. Namwomba Mungu barua hii ikufikie ukiwa na afya, tena ikukute umekaa, maana nakujua: barua unaisoma umesimama mlangoni, jicho moja kwenye karatasi na jingine kwenye sufuria. Hii si ya kusoma hivyo. Shemeji hajambo? Na Mama je, goti limepungua, au bado analificha kwa kusingizia viatu? Cherehani yako imeacha tabia ya kugoma kila ukipata kazi ya haraka, au mpaka leo mnagombana? Wasalimie watoto wote, hasa yule wa mwisho anayewaambia watu kwamba mimi ni dada yake mkubwa. Mimi mzima, au tuseme nipo. Nitakueleza.

Najua umenikasirikia. Umepiga simu nikaiacha iite. Umetuma ujumbe, nami nikajibu kwa neno moja, kama mtu anayelipia kila herufi. Ulipomwambia binamu yetu kwamba siku hizi mdogo wako amekuwa mtu mkubwa, hapatikani, maneno yalinifikia yakiwa bado ya moto. Si majivuno, dada. Nimechoka. Halafu kuna jambo ambalo kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati. Ungeanza kulia, au ungeanza kupanga safari, na mwisho wake mimi ndiye ningekutuliza wewe. Ndiyo maana nimeona bora niandike. Karatasi haimkatizi mtu.

Unajua kwamba tangu niache kufundisha shule niko na kilabu cha watoto. Hujawahi kukiona, kwa hiyo acha nikitembeze mbele yako. Ni ghala la zamani, mabati juu, saruji chini, na madirisha yaliyowekwa juu sana hata mwanga unaingia lakini upepo unashindwa. Ndani kuna meza ndefu zilizojaa makovu ya misumeno, kabati la vifaa lisilofungika, na harufu ya gundi inayonifuata mpaka kitandani. Watoto wananiita Shangazi Gundi. Mwanzoni niliwakataza, baadaye nikachoka kukataza, na sasa hata muuza mkate wa kona ananiita hivyo hivyo bila kutabasamu. Wanakuja mchana wakitoka shule, na Jumamosi wanakuja kabla sijafumbua macho vizuri. Shuleni wanaambiwa kwamba maji machafu huchujwa. Kwangu wanayachuja wenyewe, kwa mchanga na mkaa na chupa iliyokatwa kitako, halafu kazi yangu inakuwa kuwazuia wasiyaonje. Wametengeneza taa ya betri. Wametengeneza kiota cha kuku aliyekuwa akitaga barabarani. Wameunganisha mabaki ya baiskeli tofauti wakapata baiskeli moja inayokwenda vizuri sana, ila kusimama haitaki.

Ni kazi nzuri, usije ukasema nililalamika. Lakini kazi nzuri nayo inachosha, tena inachosha vibaya, kwa sababu huna wa kumlaumu. Jioni narudi chumbani kwangu, nakaa kitandani na viatu vyangu miguuni, na kuvivua kunakuwa safari.

Basi, habari yenyewe ilianza kwa mwenyekiti wetu. Ni karani mstaafu, mtu mwema, anayependa wageni kuliko anavyopenda chakula. Alikuja akiwa amechana nywele upya, akasema shirika linalosaidia vilabu kama chetu litamtuma mtu kututazama, na kwamba itapendeza watoto watengeneze kitu cha kuonyesha. Yeye alitaka roboti. Aliwahi kuona mahali roboti la maboksi lenye macho ya balbu, likiinua mkono kusalimia watu, na tangu siku hiyo hajapona. Nikamwambia mradi ni wa watoto, nitawauliza wao. Akasema sawa, waulize, lakini uwaulize vizuri.

Niliwauliza. Redio, mvulana tuliyempa jina hilo kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia, akasema ndege. Mwenzake akasema ndege yenye roboti ndani. Ndipo akasimama Kipimo. Huyu ni msichana wa miaka kumi na miwili, mwembamba, mkali kama pilipili, anayetembea na futi mfukoni jinsi wengine wanavyotembea na pipi. Akasema yeye anataka mlango wa choo.

Ghala zima likacheka. Yeye akangoja kicheko kiishe, kama mtu anayengoja gari lipite ndipo avuke. Halafu akaeleza. Mlango wa choo cha wasichana ulioza ukaanguka wakati wa mvua, na tangu hapo pametundikwa gunia. Mtu hawezi kwenda peke yake. Lazima aende na mwenzake wa kulishikilia gunia lisipeperuke. Akasema, mnamkumbuka rafiki yangu, yule aliyeunganisha nyaya za taa mpaka ikawaka? Wote walimkumbuka. Wote walikuwa wanaamini mama yake amemkataza kuja. Kipimo akasema mama hakumkataza mtu.

“Alichoka kushikiliwa gunia,” akasema, akakaa.

Hapo hakucheka mtu. Wavulana walitazama sakafu kana kwamba kuna kitu wamekidondosha. Nami, dada, nilitazama nao. Lile gunia nilikuwa naliona kila siku ya Mungu, na nilikuwa nimelizoea. Sisi wakubwa tuna choo chetu chenye ufunguo. Tulipopiga kura mikono yote ilipanda juu, na Redio alipandisha miwili.

Mwenyekiti alipopata habari alishika kiuno. Akaniuliza nitampelekaje mgeni wa heshima chooni. Nikamjibu kwamba huenda mgeni akajipeleka mwenyewe, naye ni binadamu. Akanung'unika weee, mwishowe akakubali kwa sharti moja, kwamba mlango upakwe rangi.

Mbao tulizipata kwenye madawati mabovu ya shule ya jirani. Watoto waling'oa misumari, wakainyosha kwa nyundo juu ya jiwe, wakapiga vidole vyao, wakalia, wakarudi. Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na kabati, mikono kwenye mifuko ya aproni, nikawa nauliza maswali tu. Mbao hii itakaa wapi? Ukiikata hapo, itabaki nini? Kwa nini gundi imekataa kushika? Kipimo ndiye aliyepima uwazi wa mlango. Aliupima juu, mara moja, akatangaza kipimo, wenzake wakakata. Wakaunganisha, wakapiga randa, wakasugua kwa msasa mchana baada ya mchana mpaka wakafanana na watu wa kiwanda cha unga. Siku ya kuuweka waliubeba mabegani kama bibi harusi, Redio akiwa mbele anaimba.

Mlango haukuingia. Juu ulikaa, chini ukakwama. Ukuta wenyewe ni wa zamani, umeegemea upande, na uwazi ule kwa chini ni mwembamba kuliko juu. Walisukuma, wakaupiga teke, wakaujaribu kichwa chini miguu juu. Halafu wote wakageuka wakanitazama mimi.

Unanijua, dada. Mimi yule unayemjua wewe ningeshainuka, nimpokonye mtoto randa, na mlango ungeingia kabla hawajapangusa jasho. Nilibaki kwenye kigoda. Nikawauliza kama waliokosea ni wao au ni ukuta. Hawakulipenda swali hilo. Redio, kwa mara ya kwanza bila kuzungusha maneno, akasema Shangazi anajua ila hataki kusema. Kipimo akaitupa futi yake chini, akasema yeye ni mjinga na sasa kila mtu ameona, akaondoka. Nilimwangalia akivuka uwanja na sikumwita. Ningemwita nimwambie nini?

Hakuja kesho yake, wala keshokutwa. Wenzake waliendelea kuusugua ule mlango kwa msasa, kama mtu anayemaliza kisima kwa kijiko. Nilianza kuona kwamba roboti la mwenyekiti halikuwa wazo baya. Mchana mmoja nikamwona Kipimo anaingia, hasalimii mtu. Akaokota futi, akaenda moja kwa moja kwenye uwazi wa choo. Akapima juu, akapima katikati, akapima chini, akapima kushoto na kulia, na kila kipimo akakiandika kwa chaki ukutani. Akavitazama muda mrefu. Kisha akawageukia wenzake akasema, “Ukuta umelewa. Mlango ndio wenye akili, kwa hiyo mlango ndio utakaovumilia.”

Ile sentensi ilinikumbusha ndoa za watu fulani, sitawataja.

Wakachora mstari wa mshazari kwenye mlango na kuanza kupiga randa kuufuata. Ilikuwa katikati ya kazi hiyo ndipo mgeni alipofika, siku ambayo hatukumtarajia. Alikuwa mama mtulivu, mwenye miwani na viatu vya kutembelea, akaomba tusisimame. Mwenyekiti hakuwepo, rangi haikuwepo, na mimi nilikuwa kwenye kigoda changu. Akakaa nyuma kimya. Aliona jinsi Redio alivyopewa kazi ya bawaba. Skrubu ya kwanza iliharibika kichwa, ya pili ikapasua mbao. Redio akaniangalia, nami nikamuuliza kitu gani kinaweza kuitangulia skrubu kuifungulia njia. Alifikiri huku ulimi umetoka nje, akaenda kuchukua msumari mwembamba, akatoboa kwanza, skrubu ikaingia kama iliyoitwa. Kwa kazi ile Redio alinyamaza mchana mzima. Muuza mkate alikuja kuuliza kama kuna aliyefariki.

Mgeni alirudi tena siku tuliyoutundika. Kipimo alikuwa amekwenda kumleta rafiki yake, yule wa taa, na yeye ndiye aliyeingia wa kwanza. Mlango ukazunguka kwenye bawaba zake bila kukwaruza. Tukasikia komeo likiingia mahali pake. Hakuna aliyepiga makofi, maana si jambo la kupigia makofi. Tulijifanya tuna shughuli nyingine. Yule msichana alikaa humo kuliko inavyohitajika. Alipotoka alinawa mikono, akauliza kama bado kuna nyaya.

Mchana huo mgeni alituita mimi na mwenyekiti pembeni. Akasema ametembelea vilabu vingi, na kote ameona jambo moja: mtu mzima ameshika kifaa, watoto wamesimama wanatazama, halafu kazi inaitwa ya watoto. Hapa kwetu, akasema, ameona kwa mara ya kwanza mwalimu anayeweza kuizuia mikono yake. Akasema hiyo ni mbinu ngumu, wengi wanaijua kwa mdomo tu. Anataka niwe nazunguka kwenye vilabu vingine kuwafundisha viongozi wao. Mwenyekiti nusura amkumbatie. Akamwambia hiyo ndiyo desturi ya hapa tangu zamani. Nami nimesimama pale, mikono kwenye mifuko ya aproni, nimeinamisha kichwa. Walidhani ni unyenyekevu.

Sasa, dada, nakuomba uweke chini chochote ulichoshika.

Mikono yangu inatetemeka. Ulianza mkono wa kulia, kidole gumba na cha shahada vikisuguana vyenyewe, kama mtu anayehesabu mbegu. Nikadhani ni uchovu. Baadaye ukaja wa kushoto, na miguu ikawa mizito, na vifungo vya nguo vikaanza kunishinda. Nilikwenda hospitali. Daktari akanitazama nikitembea, akaniambia nigonge vidole, akanipa karatasi niandike sentensi, na kabla sijaimaliza nikaona usoni mwake kwamba amepata jibu. Ni ugonjwa wa ubongo, si wa mikono. Mikono inatangaza tu. Una jina la daktari wa zamani, kana kwamba yeye ndiye aliyetukosea. Dawa zinaupunguza, haziuondoi. Hauui leo wala kesho. Alisema mtu huzeeka nao, na mimi nikamjibu kwamba basi umewahi kunichukua, umri bado. Hata humu utaona jinsi herufi zangu zinavyoanza kubwa na kuzidi kusinyaa kadiri mstari unavyokwenda. Sibani karatasi. Barua hii nimeiandika michana kadhaa, napumzika, narudi.

Kwa hiyo umeiona mbinu yangu. Sikujizuia, dada; sikuweza. Patasi mkononi mwangu karibu na kidole cha mtoto ni hatari, na siku za msumeno namwomba seremala wa mtaa wa nyuma, binti mmoja makini, aje asimame nao. Mikono niliiweka mifukoni kwa aibu, na aibu ikasifiwa. Jambo linalonichosha kuliko ugonjwa wenyewe ni hili: ingekuwa mizima, nadhani nisingewaachia ule mlango. Nakumbuka vigoda walivyobeba kwenda kuwaonyesha wazazi wao miaka yote hii. Wao walipitisha msasa mwishoni. Vigoda vilikuwa vyangu.

Niliona siwezi kwenda kufundisha watu nusu ya habari. Lakini kabla ya mgeni nilitaka watoto wasikie kutoka kwangu. Jumamosi niliwakalisha, nikatoa mikono mifukoni nikaiweka juu ya meza mbele yao, ikafanya ilivyotaka. Nikawaambia Shangazi ni mgonjwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali. Kipimo akasema, kwa upole ambao sikujua kama anao, “Tunajua.”

Nikawauliza tangu lini. Wakasema tangu wakati wa mvua. Redio akaeleza kwamba ndiyo maana kikombe changu cha chai wanakijaza nusu, nisije nikajiunguza. Dada, kwa kile kikombe nilikuwa nimewagombeza. Niliwaita wachoyo. Nikajua pia kwa nini kila siku kuna mtoto anayegombania kufungua kufuli la ghala, na kwa nini uzi huwa tayari umeshaingizwa kwenye sindano. Na Redio, ambaye siri ikimwingia sikio moja inatokea mdomoni, hakumwambia mtu yeyote, hata mama yake. Daktari hakunitoa machozi. Hilo lilinitoa.

Yule mama wa shirika nilimpigia simu nikamweleza yote. Akaomba muda afikiri. Nilikwisha kukata tamaa aliponipigia tena. Akasema niende hivyo hivyo, ila niwaeleze na habari ya mikono, nisiifiche, maana huenda wapo wanaohitaji kusikia kwamba mtu hafiki hapo kwa hekima peke yake. Nimekubali. Mwenyekiti, nilipomwambia, alishika kofia yake akaizungusha weee, halafu akasema kigoda changu kiwekewe mgongo, na tangu hapo watoto wanashindania nani akitengeneze. Sina furaha ya kuruka, usinielewe vibaya. Nina kazi, nina dawa za asubuhi na jioni, na nina usingizi mwingi.

Nina maombi machache kwako. Mama usimwambie. Shule zikifungwa nitakuja, nitakaa naye ubavuni, nimweleze mwenyewe. Akikuuliza kwa nini niko kimya, mwambie nimechoka, si uongo. Wewe lia kama ni lazima, lakini usilie ukiwa kwenye cherehani, utajichoma kidole tuwe wawili. Nikifika, usinikatie mkate kabla sijaomba, wala usiwafukuze watoto wakinitazama mikono. Waache watazame mpaka wachoke.

Na kwa kuwa wewe ni fundi, nishonee magauni mawili ya kupitisha kichwani, yasiyo na kifungo hata kimoja, yenye mifuko mirefu. La tatu liwe na vifungo vikubwa, mbele, kutoka juu hadi chini. Zipo siku ambazo sina haraka ya kwenda popote.

Shemeji mpe salamu zangu, na mwambie deni lake la hadithi bado nalidai. Mama mshikie goti kwa niaba yangu. Watoto wabusu, yule wa mwisho mbusu mara mbili. Nawe ukae salama, dada yangu, na usiniandikie jibu siku ile ile ukiwa na machungu, lala kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
ambaye hata wewe sasa unaruhusiwa kumwita Shangazi Gundi.